Magari Yakiondoka, Upana Wake Mtaufanyia Nini?

Msomaji mmoja ameandika hivi: "Ushirika wetu wa nyumba umepata ardhi ya hekta 9, karibu mraba kamili. Tumekubaliana kwamba magari yataishia ukingoni na ndani ya mtaa tutatembea kwa miguu. Kwetu kuna joto kali: miezi mingi ni mikavu, lakini ipo miezi kadhaa ya joto lenye unyevunyevu, ambapo hata usiku mtu hapati usingizi. Kamati imegawanyika. Wapo wanaosema magari yakiondoka joto litashuka lenyewe. Wapo wanaosema tukizisogeza nyumba karibu-karibu tutaziba upepo na tutakuwa tumejifungia ndani ya tanuri. Nyumba zitakuwa na kimo cha mita 9 hivi. Mchora ramani, kwa tahadhari, ameacha barabara za mita 14 kila mahali. Wazee wetu nao wanauliza watapitaje juani kutoka kwenye maegesho hadi nyumbani. Tufanye nini?"

Ndugu msomaji, pande zote mbili za kamati yenu zina hoja, na kabla ya kusuluhisha ugomvi wao naomba niseme jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha swali lako. Kuondoa magari, kwa kitendo hicho peke yake, hakupoozi mtaa. Kinachoupooza ni kile kinachowezekana baada ya magari kuondoka, yaani ule upana ambao gari lilikuwa likiudai kwa ajili ya kupita, kupishana, kugeuza na kulala. Upana huo sasa umerudi mikononi mwenu. Mkiuacha ulivyo na kuutandika sakafu ngumu, mtakuwa mmejenga uwanja wa maegesho usio na magari, na jua litaupiga vilevile kama lilivyokuwa likiupiga mwanzo.

Hebu tupige hesabu kidogo, kwa kuwa nimeona mara nyingi kamati zikibishana kwa saa nyingi juu ya jambo ambalo hesabu ya dakika tano ingelimaliza. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9. Gari lililosimama likinguruma huku kiyoyozi kikifanya kazi laweza kuchoma karibu lita moja kwa saa, na nishati hiyo yote mwishowe huwa joto linalobaki hewani. Hiyo ni karibu kilowati 9, wakati mtu aliyeketi ametulia hutoa wati 100 hivi, kwa hiyo gari moja kwenye foleni hutoa joto la watu 90. Wanaosema magari huchemsha mji hawakosei. Sasa tazameni barabara yenyewe. Kipande chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 14 kina eneo la mita za mraba 1,400. Jua la utosini katika anga safi hushusha takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba, kwa hiyo kipande hicho hupokea kilowati 1,400. Lami mpya huakisi kiasi cha asilimia 5 tu ya mwanga huo, na ile iliyochakaa asilimia 10 hadi 15. Kinachosalia, karibu kilowati 1,200 au zaidi, hunywewa na barabara. Hata mkiwasha magari 20 kwenye kipande hicho kwa pamoja, yote yatatoa kilowati 180. Chanzo kikubwa cha joto, basi, ni sakafu iliyotandazwa kwa ajili ya gari, na sakafu hiyo haiondoki kwa sababu tu lango la mtaa limefungwa.

Mfano wa Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, unalionyesha hilo waziwazi. Kati ya mwaka 2003 na 2005 wakuu wa mji huo walibomoa barabara ya juu iliyokuwa imeufunika mto wa Cheonggyecheon, wakaufukua mto na kupanda mimea kingoni. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba hewa kandokando ya mto ilikuwa na ubaridi zaidi kwa nyuzi 3.3 hadi 5.9 kuliko kwenye barabara iliyo sambamba nao, mitaa michache tu kutoka hapo. Pale hawakuishia kuwazuia madereva. Waliliondoa zege lenyewe, na mahali pake wakaweka maji, udongo na majani.

Jambo la pili la kuelewana ni maana ya neno joto. Kipimajoto kikining'inizwa kivulini hupima hewa, lakini mwili wa mtu anayetembea mtaani hausikii hewa peke yake. Unasikia pia unyevu, upepo, na zaidi ya vyote unasikia mnururisho, yaani joto linaloufikia moja kwa moja kutoka juani, ukutani na sakafuni bila kupitia hewani. Mchana wa kiangazi, hewa ya juani na hewa ya kivulini, hatua kumi kutoka hapo, zinaweza kutofautiana kwa nyuzi moja tu au pungufu, ilhali joto la mnururisho linalompata mtu juani likazidi lile la kivulini kwa nyuzi 20 hadi 30. Kwa sababu hiyo, katika mtaa wa watembea kwa miguu, kivuli hutangulia kila kitu kingine. Msiiulize ramani yenu kama itapunguza joto la hewa. Iulizeni kwanza ni hatua ngapi mtu atatembea juani kati ya mlango wake na mahali anapokwenda.

Kivuli chenu cha kwanza ni nyumba zenyewe, na hapa ndipo mita 14 za mchora ramani zinapowagharimu. Nadhani naweza kukisia amezipataje: mita 6 za njia ya magari mawili kupishana, mita 2.5 za maegesho kila upande, na mita 1.5 za watembea kwa miguu kila upande. Jumla yake ni 14, na 11 kati ya hizo ni za gari ambalo mmeshakubaliana halitaingia.

Mji mkongwe wa Fes nchini Moroko, uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, ni miongoni mwa maeneo makubwa ya mijini duniani ambamo gari halipiti. Mtafiti Erik Johansson aliulinganisha ujia mmoja wa mji huo mkongwe, wenye kuta za kimo cha karibu mara 10 ya upana wake, na mtaa wa kisasa wa Fes hiyohiyo ambamo kimo cha kuta ni sehemu 0.6 tu ya upana wa njia. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2006, mchana wa kiangazi ujia mwembamba ulikuwa na ubaridi zaidi kwa wastani wa nyuzi 6, na katika siku za joto kali kabisa tofauti ilifika nyuzi 10. Hiyo ni tofauti ya hewa yenyewe, kabla hata hatujagusa mnururisho. Sasa chukueni mita 9 za nyumba zenu mzigawanye kwa mita 14. Mtapata 0.64. Mchora ramani wenu, kwa nia njema kabisa, amewachorea ule mtaa wa pili. Mkizigawanya kwa mita 4.5 mtapata 2, na hapo mtaa wenu unakuwa wa namna nyingine.

Siwashauri mwende hadi kumi. Johansson huyohuyo aliona kwamba usiku ujia mwembamba ulibaki na joto kuliko mtaa mpana, kwa sababu kuta zinazozuia jua kuingia mchana huzuia pia joto kutoka usiku. Tena ninyi mna miezi ya unyevunyevu, ambayo nitairudia hivi punde. Uwiano wa kimo cha kuta kwa upana wa njia wa moja na nusu hadi mbili kwa vichochoro vya kawaida ndio ninaouona kuwa wa busara kwa hali ya hewa kama yenu.

Upana peke yake hautoshi. Njia inaelekea wapi ni jambo lenye uzito uleule, na kwa bahati mbaya ndilo linalosahauliwa zaidi. Chukueni mfano wa eneo lililo karibu na Ikweta, siku ambayo jua linapita utosini. Jua husogea digrii 15 kwa saa. Katika njia inayotoka kaskazini kwenda kusini, yenye uwiano wa mbili, miale huanza kuigusa sakafu jua linapobakiza digrii 27 kufika utosini, nayo huiacha sakafu likishazipita digrii 27 upande wa pili. Yaani sakafu hupata jua kwa muda wa saa tatu na nusu hivi, tena kwa sehemu tu katika muda mwingi wa huo. Kwa uwiano wa 0.64 muda huo huwa saa saba na nusu. Lakini ukiigeuza njia ileile iende mashariki hadi magharibi, jua litaifuata kwa urefu wake tangu asubuhi hadi jioni, na kuta, hata zikiwa ndefu, hazitawafaa kitu. Watafiti Fazia Ali-Toudert na Helmut Mayer waliuchunguza uhusiano huu kwa kompyuta kwa ajili ya mji wa Ghardaïa nchini Aljeria, nao wakachapisha mwaka 2006 kwamba njia za mashariki–magharibi hubaki na mateso ya joto kwa saa nyingi zaidi, wakati njia za kaskazini–kusini zilizo nyembamba hupata nafuu ya kweli.

Msanifu wenu wa majengo atapinga, na atakuwa na sababu nzuri. Atasema njia za kaskazini–kusini huzielekeza nyuso za nyumba mashariki na magharibi, na ukuta unaotazama magharibi ndio unaopigwa na jua la alasiri, jua la chini ambalo upenu wa kawaida haulizuii. Ni kweli kabisa katika mtaa mpana. Katika kichochoro cha mita 4.5, hata hivyo, jua hilo la chini hukutana kwanza na nyumba ya upande wa pili, na madirisha ya chini hubaki kivulini. Kinachobaki wazi ni sehemu ya juu ya ukuta pamoja na nyumba za pembeni kabisa mwa mtaa. Huko ndiko mnakohitaji vibao vya wima mbele ya madirisha, madirisha madogo, au miti. Jueni mapema kwamba nyumba za ukingo wa magharibi zitakuwa na joto kuliko nyinginezo, na mzisanifu kwa namna yake badala ya kunakili mchoro mmoja mtaa mzima.

Sasa nije kwa wale wanaohofia upepo. Katika miezi mikavu, upepo wa mchana ukiwa wa moto hauna faida kubwa kwa mtu aliye nje. Kivuli ni bora kuliko upepo. Katika miezi ya unyevunyevu mambo hugeuka. Hewa iliyojaa mvuke haikaushi jasho haraka, na kinachousaidia sana mwili ni hewa hiyo kusogea. Upepo unaokuja ukivikatisha vichochoro hupita juu ya mapaa kama jiwe bapa linavyoruka juu ya maji, ukiacha chini hewa iliyotuama. Mjini Hong Kong, baada ya mlipuko wa SARS, ugonjwa wa njia ya hewa, wa mwaka 2003, serikali ilianzisha mwaka 2006 utaratibu wa kutathmini jinsi majengo mapya yanavyouathiri upepo wa watembea kwa miguu, kwa kuwa safu ndefu za majengo zilikuwa zimegeuka kuta kati ya bahari na mitaa ya ndani. Kosa hilo linawezekana pia kwa nyumba fupi zenye kimo cha mita 9.

Kwa hiyo msivifanye vichochoro vyote sawa. Tafuteni kwanza upepo wa miezi ya unyevunyevu unatoka wapi; kituo cha hali ya hewa cha karibu au uwanja wa ndege utakuwa na kumbukumbu zake, na wazee wa eneo hilo watawaambia bila hata kifaa. Kisha wekeni njia mbili au tatu pana kiasi, mita 8 hadi 10, zinazoukatiza mtaa wote kutoka ukingo hadi ukingo zikiufuata upepo huo, au zikipishana nao kwa digrii zisizozidi 30. Miisho ya njia hizo iachwe wazi kabisa; ukuta wa uzio uliojengwa mwishoni mwa njia ya upepo huiharibu kazi yote. Vichochoro vya mita 4.5 vitatoka kwenye njia hizo na viwe vifupi. Mimi ningeikatiza kila safu ya nyumba kwa uwazi mdogo kila baada ya mita 40 au 50. Kama bahati itawaangukia na upepo wenu ukavuma kutoka kusini au kaskazini, njia ya upepo na njia ya kivuli zitakuwa moja. Kama unatoka mashariki, njia pana zitakuwa za mashariki–magharibi, zile ambazo jua halizihurumii, na hizo lazima zipate kivuli cha miti mirefu yenye mashina yaliyo wazi chini, ili majani yafunike juu na upepo upite katikati ya mashina. Miti mifupi yenye matawi mpaka chini, ikipandwa hapo, itakuwa pazia.

Wapo pia watakaowaletea wazo la mnara wa upepo, yaani mnara unaonasa upepo wa juu na kuushusha chini, kwa kuwa ule wa Masdar City huko Abu Dhabi, wenye kimo cha mita 45, umepigwa picha nyingi. Ni chombo kizuri kwa uwanja mmoja. Kwa fedha yenu ningenunua miti.

Kuhusu rangi na sakafu naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ushauri unaotolewa sana, wa kupaka kila kitu rangi nyeupe, una mtego ndani yake. Mji wa Phoenix katika jimbo la Arizona, Marekani, ulianza mwaka 2020 kuzipaka barabara zake rangi inayoakisi jua, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kikaenda kupima. Uso wa barabara iliyopakwa ulikuwa na ubaridi zaidi mchana kwa nyuzi 6 hivi. Lakini mtu aliyesimama juu yake alipata mnururisho zaidi, kiasi cha nyuzi 3, kwa sababu mwanga uliorushwa na barabara ulimpiga yeye. Kwa gari, hilo si tatizo. Kwa mtu anayetembea ni tatizo hasa. Basi nyeupe iwekeni juu ya mapaa, mahali ambapo mwanga unaoakisiwa hurudi angani bila kukutana na mtu. Sakafu za njia na sehemu za chini za kuta ziwe na rangi ya wastani, ya mchanga au udongo, na sakafu iwe ya matofali yenye nafasi zinazopitisha maji, si zege lililomwagwa kwa mkupuo mmoja. Sakafu iliyo kivulini haihitaji kuwa nyeupe, na sakafu iliyo juani haiokolewi na weupe.

Nenda siku moja saa mbili usiku kwenye ukuta wa zege uliopigwa na jua alasiri, uweke kiganja chako hatua moja kabla ya kuugusa. Utalisikia joto likikujia mkononi ingawa hewa imeshapoa. Huo ndio usiku ambao wakazi wenu wasiopata usingizi wanausema. Dawa yake ni ukuta huo usipate jua mchana, na hii ni sababu nyingine ya kukipenda kivuli: hakimfai anayepita mchana tu, humfaa pia anayelala usiku.

Miti ni kivuli ambacho pia hupooza hewa. Kila lita ya maji inayotoka majanini kama mvuke huchukua takriban kilowati-saa 0.68 za joto, kwa hiyo mti mkubwa unaotoa lita 100 kwa siku huondoa karibu kilowati-saa 68. Faida hiyo ya mvuke ni kubwa katika miezi mikavu na hupungua hewa inapojaa unyevu, ilhali kivuli chake hakipungui. Lakini mti usio na maji haufanyi kazi hiyo. Hufunga vinyweleo vya majani yake na kusubiri. Kabla ya kuchagua aina ya miti, kaeni na fundi wa maji mpange jinsi maji ya kuogea na kunawia, yakishachujwa, yatakavyofika kwenye mizizi badala ya kupotelea mtaroni, na jinsi maji ya mvua kutoka mapaani yatakavyozama ardhini karibu na miti.

Na hapa mtaa usio na magari una faida moja kubwa ambayo sioni ikitajwa ipasavyo. Chini ya barabara ya magari, udongo hushindiliwa hadi uwe mgumu kama tofali ili ubebe uzito wa lori, na mzizi hauwezi kupenya humo. Ndiyo sababu miti mingi ya kando ya barabara hudumaa, huinua sakafu, kisha hufa kabla haijatoa kivuli cha maana. Mti utakaokuwa mkubwa unahitaji mita za ujazo 20 hadi 30 za udongo uliolegea. Katika njia zenu, uzito utakaopita ni wa watu, baiskeli na mikokoteni. Mwambieni mkandarasi, tena muandike kwenye mkataba, kwamba udongo wa njia za miti hautashindiliwa na mashine zake hazitapita juu yake wakati wa ujenzi. Nimeshuhudia mradi mmoja ambao ramani yake ilikuwa nzuri kabisa, lakini malori ya kokoto yaliegeshwa kwa miezi mingi pale pale palipopangwa bustani. Miti iliyopandwa hapo baadaye, hata ikimwagiliwa, haikunyanyuka, na mpaka leo jambo hilo huniuma nikilikumbuka.

Viyoyozi nitavigusa kwa ufupi. Mashine ya kawaida inayoondoa ndani ya nyumba sehemu tatu za joto hutupa nje karibu sehemu nne, kwa kuwa umeme unaoiendesha nao hugeuka joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Phoenix ulionyesha kwamba joto la viyoyozi peke yake liliipandisha hewa ya usiku kwa zaidi ya nyuzi moja. Sasa wazeni mashine hizo zikiwa zimetundikwa kwenye kuta za kichochoro cha mita 4.5, kimo cha kichwa cha mtu. Mtakuwa mmeyafukuza magari na kuziingiza injini nyingine. Wekeni katika kanuni za ushirika kwamba sehemu ya nje ya kiyoyozi ikae juu ya paa, na msanifu aache njia za mabomba yake tangu mwanzo.

Wazee wenu wana haki ya kuuliza walichouliza, na kwa ardhi yenu jibu linatia moyo. Hekta 9 za mraba ni mita 300 kwa 300, na hakuna nyumba itakayokuwa zaidi ya mita 150 kutoka ukingo ulio karibu. Kwa mwendo wa taratibu wa mita moja kwa sekunde hizo ni dakika mbili na nusu. Umbali huo ni mdogo ukiwa kivulini mfululizo, na ni mateso ukiwa na uwazi wa mita 30 katikati. Singapore, yenye joto la unyevunyevu mwaka mzima, iliongeza kilomita 200 za njia zilizoezekwa kati ya vituo vya usafiri na nyumba hadi kufikia mwaka 2018, kwa kuelewa kwamba mtu huamua kutembea au kutotembea kutokana na kile kipande kibaya kuliko vyote. Chagueni njia chache zitokazo kwenye maegesho, mziezeke au mzifunike kwa matawi bila kukatika, na muweke viti vya kupumzikia kila baada ya mita 50. Kumbukeni pia kwamba umbali huo wa mita 150 ni wa kweli tu ikiwa maegesho yako pande zote. Mkiyakusanya upande mmoja, nyumba ya mbali itakuwa karibu mita 300 kutoka kwenye gari, na hapo mikokoteni ya umeme ya kuwabeba wasiojiweza si anasa.

Maegesho yenyewe yasiwe upande upepo unakotoka. Gari moja, pamoja na nafasi ya kugeuzia, huchukua mita za mraba 25 hadi 30, hivyo magari 100 ni mita za mraba 2,500 hadi 3,000 za sakafu ya moto, na upepo ukipita hapo kwanza utawaletea joto lake majumbani. Yawekeni upande upepo unakoelekea, na myaezeke kwa paneli za sola. Na kama hakuna usafiri wa umma wa kuaminika karibu, mjue kwamba idadi hiyo itakua, na siku moja mtu ataomba aingize gari "kwa dakika tano tu". Mtaa wa Culdesac huko Tempe, jirani na Phoenix, ambao ulipokea wakazi wake wa kwanza mwaka 2023 na hauna maegesho ya wakazi kabisa, umejengwa kando ya kituo cha treni ya mjini. Sidhani ungesimama mahali pengine popote.

Limebaki suala ambalo mchora ramani atalitaja mkimwambia apunguze mita 14, nalo ni zimamoto, gari la wagonjwa na uzoaji taka. Msilipuuze. Kanuni hutofautiana: mwongozo wa Uingereza hudai njia ya mita 3.7 kwa gari la zimamoto, wakati kanuni ya kimataifa ya moto inayotumika sana Marekani hudai mita 6.1 zisizo na kizuizi na uwazi wa mita 4.1 kwenda juu. Nendeni kwa wakuu wa zimamoto wa mji wenu mkiwa na ramani mkononi kabla haijakamilika, mkawaulize gari lao linahitaji kusimama umbali gani kutoka kwenye mlango. Mara nyingi mtagundua kwamba haliihitaji kila njia. Zile njia zenu mbili au tatu pana za upepo, zikiunganishwa ziwe mzunguko, huenda zikatosha kuifikia kila nyumba kwa mpira wa maji. Kwenye njia hizo tu ndipo mtashindilia ukanda wa katikati, mtandike vitofali vyenye matundu ya nyasi, na miti ikae pembeni, matawi yake yakipogolewa yasishuke chini ya kimo kinachotakiwa.

Na kama mji utawalazimisha kuziacha zile mita 14 kwenye njia moja, pokeeni bila kukata tamaa: jengeni upenu wa kutembelea wenye kina cha mita 2.5 kila upande ukiwa umeshikana na nyumba, pandeni safu mbili za miti, na katikati muache ukanda wa dharura. Miti hiyo pandeni mwaka huu, kabla ya msingi wa nyumba ya kwanza kuchimbwa, mkiizungushia uzio ili mashine zisiifikie. Itahitaji takriban miaka 10 ili matawi yakutane, na kwa miaka hiyo tandazeni vitambaa vya kivuli juu ya njia za wazee, vifungwe kwa kamba zinazoweza kukazwa upya kila baada ya msimu wa upepo.